Nywele mbichi, stima haba: jihadhari na jiko la makaa

Tuchukue mfano. Ni usiku wa kuamkia Idi mjini Mandera. Mama na binti zake wameosha nywele, na stima imepotea. Hawataki kulala na vichwa vilivyolowa. Basi wanaingiza jiko la makaa chumbani, wanafunga mlango na dirisha ili joto lisitoke, kisha wanainama juu yake kwa zamu. Baada ya muda, mmoja analalamika kichwa kinamgonga, wa pili anasikia kichefuchefu, na mdogo wao amesinzia. Wote wanadhani ni uchovu wa saumu.

Daktari akisikia habari kama hiyo hushtuka. Huo si uchovu, ni sumu.

Mandera iko pembeni kabisa, Kenya inapopakana na Ethiopia na Somalia. Kwa miaka mingi mji huo umepata umeme kutoka kwa mitambo yake ya dizeli, mbali na gridi ya taifa, na familia nyingi vijijini hutegemea paneli ndogo ya sola kwa taa, redio na simu.

Mashine ya kukaushia nywele hula wati 1,000 hadi 2,000. Ile ya wati 1,500 ikiwashwa kwa dakika 20 hutumia wati-saa 500. Paneli ya wati 50 ikipata jua kali kwa saa 5 huzalisha wati-saa 250. Yaani kichwa kimoja kitamaliza umeme wa siku mbili! Ndiyo sababu watu hukimbilia makaa.

Hatari ya makaa

Makaa yaliyokolea hayatoi moshi, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Ukiivuta, hushikamana na chembechembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 hivi. Ubongo na moyo hukosa oksijeni, na mtu aweza kufa usingizini. Kwa mama mjamzito, mtoto aliye tumboni huwa hatarini zaidi. Moshi wa jenereta una sumu iyo hiyo, kwa hivyo jenereta isiwashwe ndani ya nyumba wala barazani karibu na dirisha.

Dalili ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Iwapo watu kadhaa katika chumba kimoja wanaumwa kwa pamoja, usingoje. Fungua mlango, watoe wote nje, kisha wapelekwe hospitalini wakapewe oksijeni, hata wakisema wamepata nafuu. Maziwa, ambayo wengi huyaamini, hayaondoi sumu hii.

Je, uunsi, ule udi ambao akina mama wa Kisomali hufukizia nywele na nguo? Desturi hiyo si lazima iachwe. Kausha nywele kwanza, ufukize dirisha likiwa wazi, na wenye pumu na watoto wachanga wakae mbali.

Kukausha bila umeme

Umeme mwingi wa mashine ile huenda katika joto, ilhali nywele hukauka hata kwa upepo tu, mradi hewa ni kavu. Na joto na hewa kavu Mandera havinunuliwi.

Osha nywele mapema, si magharibi. Zikamue kwa leso ya pamba bila kuzisugua, zigawe mafungu manne, kisha ukae uani kivulini penye upepo, ukizitandaza kwa vidole. Msimu wa mvua, hewa inapokuwa na unyevu, feni ndogo ya sola ya wati 15 hivi itakusaidia. Usisuke wala kujifunga ushungi kabla ya ngozi ya kichwa kukauka. Unyevu uliofunikwa kutwa huleta mwasho na harufu, na mba huzidi. Kitana na kitambaa cha kichwa visishirikiwe, kwani hueneza choa. Mtoto akipata choa cha kichwani apelekwe kwa daktari, maana mafuta ya kupaka pekee hayatoshi. Huhitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa.

Na usiku ukikukuta na nywele mbichi? Zifunge kwa kitambaa kikavu ulale. Mafua na nimonia huletwa na viini, si maji ya kichwani. Kulala na nywele mbichi usiku mmoja hakumdhuru mtu, lakini kulala na jiko chumbani kumewaua wengi.

Wasomaji wa Nairobi wasidhani haya ni ya Mandera pekee. Baridi ya Julai na stima kupotea huwafanya wengi waingize jiko chumbani. Jiko likae nje.