Askari Tusiyemjua Atokako

Mwenye boma aliyeibiwa kuku jana huwa mwepesi wa kuajiri askari leo, tena bila ya kumwuliza atokako. Ndivyo tufanyavyo wengi wetu na tarakilishi. Kirusi kikizuka katika chumba cha tarakilishi shuleni, mwalimu au mwanafunzi huichota kinga ya bure kutoka pembe yoyote ya intaneti, kisha akashusha pumzi.

Tatizo ni kwamba programu ya kinga hupewa mamlaka ambayo nyingine hazina. Husoma kila faili, hufuta iitakayo, na huanza kazi kabla ya mwenyewe kuketi. Mwizi wa kawaida sharti avunje mlango. Askari wa bandia hukabidhiwa funguo.

Hila hii si ya leo. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Mmarekani Ross Greenberg alitunga kinga iliyoitwa FLU_SHOT, ikaenea kupitia tarakilishi zilizounganishwa kwa simu. Punde wakazuka waovu waliosambaza FLUSHOT4, iliyojidai kuwa toleo jipya kumbe imebeba maangamizi. Greenberg akalazimika kuibadilisha yake jina, ikawa FLU_SHOT+. Mnamo 2011, watumiaji wa tarakilishi za Apple walitishwa kwa onyo la uongo kwamba mashine zao zimeambukizwa. Dawa waliyoletewa ni Mac Defender, kinga isiyokinga lolote, iliyotaka nambari za kadi zao za benki.

Huenda mwalimu akauliza: shule maskini itatoa wapi pesa za leseni? Swali hilo ni la haki, ila jibu lake haliko kwa mchuuzi wa nakala zilizovunjwa kufuli. Tangu Windows 8 ya mwaka wa 2012, Microsoft huiweka kinga ndani ya mfumo wake bila malipo ya ziada. Anayetamani nyingine na aifuate kwa mtengenezaji mwenyewe, aikague sahihi yake ya kidijitali kabla ya kuikaribisha.

Tarakilishi ya shule huhifadhi alama, karo na siri za watoto wa watu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 humtwika jukumu yeyote azihifadhiye, na kusema "nilidhani ni kinga" hakutazirejesha zikishaibwa.

Wazee walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni huyo apewe funguo za nyumba kabla hajataja jina.