Bunduki ya rangi: Kifyatulio chepesi mno ni balaa uwanjani

VIJANA wanaofurika wikendi katika viwanja vya peintiboli jijini Nairobi na viunga vyake wanaijua raha ya mchezo huo. Unajificha nyuma ya tairi kuukuu, unamvizia mpinzani, kisha unampaka rangi kwa kidonge kinachopasuka kikimgonga.

Wachache, hata hivyo, hujiuliza ni nini hutokea ndani ya bunduki kidole kinapogusa kifyatulio.

Kwa waliozama katika mchezo huu, hapo ndipo penye utamu. Nchini Marekani ulikozaliwa, kuna mafundi wa nyumbani ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakifungua bunduki aina ya Automag na kuifungia kifyatulio cha upepo. Bunduki iliyofanyiwa hivyo wameipa jina la utani, Pneumag.

Automag yenyewe ya asili haina betri. Kidole chako ndicho kinachofanya kazi yote ya kusukuma ndoano ya chuma inayozuia bunduki isifyatuke. Vuta mara mia, kidole kinachoka. Ndipo mafundi wakasema: mbona upepo usifanye kazi hiyo?

Kama umewahi kupanda basi la masafa marefu, tayari unajua ujanja wenyewe. Dereva hasimamishi basi zima kwa nguvu za mguu. Akikanyaga pedali, anafungua vali tu, na upepo uliobanwa ndio unaosukuma breki. Ile 'psss' unayoisikia akiachilia ni upepo ukitoka.

Pneumag ni vivyo hivyo, ila kila kitu ni kidogo. Kidole kinabonyeza vali ndogo mno. Upepo unakimbia kwenye mpira mwembamba hadi kwenye silinda ndogo, pistoni inatoka na kusukuma ndoano, bunduki inafyatuka. Ukiachilia, vali inamwaga ule upepo nje, pistoni inarudi na ndoano inashika tena.

Kazi ngumu si kuifunga mitambo hiyo. Kazi ni kuisawazisha.

Kwanza ni presha. Mtungi wa upepo wa peintiboli hujazwa hadi psi 3,000 au 4,500. Kidhibiti cha mtungini huishusha hadi kama psi 800. Kisha kidhibiti kingine kidogo huishusha zaidi, hadi psi 100 hivi, ndipo iingie kwenye vali ya kifyatulio. Hicho ni kiwango kinachokaribiana na cha breki za lori. Tairi la gari dogo hubeba kama psi 30.

Mafundi wazoefu huanzia chini. Bunduki ikiwa haina kidonge hata kimoja, fyatua. Ndoano isipoachia, kaza skrubu ya kidhibiti kidogo tu, subiri presha itulie, ujaribu tena. Ikianza kuachia kila mara bila kusita, ongeza kiasi kidogo cha akiba na ukomee hapo. Ukizidisha, pistoni inagonga chuma kwa kishindo, upepo unaisha haraka, na silinda inachelewa kujimwaga.

Pili ni mipira. Ifanye mifupi iwezekanavyo, kwa sababu kila sentimita ni lazima ijae upepo na kumwagika tena kwa kila risasi. Paka maji ya sabuni kwenye viungo. Ukiona povu linachipuka, hapo panavuja.

Tatu, na hapa ndipo wengi hukwama, ni safari ya kifyatulio. Kwa kawaida huwekwa skrubu mbili: moja inazuia kifyatulio kisirudi mbele kupita kiasi, nyingine inakizuia kisiende nyuma kupita kiasi. Vali inapaswa kufunguka kidole kikiwa katikati ya safari, na kujifunga kabisa kidole kikirudi.

Ukiifupisha safari hiyo kupindukia, vali haipati nafasi ya kumwaga upepo wote. Pistoni inabaki imetoka. Risasi ya kwanza inaenda, ya pili kimya. Hapo utailaumu bunduki bure.

Lakini kuna kosa baya zaidi, nalo ndilo linalowavutia vijana: kulegeza kifyatulio hadi kiwe chepesi kama unyoya. Bunduki ikifyatuka hutikisika. Kifyatulio kikiwa chepesi mno, mtikisiko huo unakirudisha kidoleni na bunduki inafyatua tena, na tena. Umevuta mara moja, zimetoka risasi nne.

Rafiki zako watasema 'noma sana'. Refa atakutoa nje. Katika mchezo wa bunduki zinazofyatua moja moja, kanuni ni kwamba ukivuta mara moja inatoka risasi moja, basi.

Isitoshe, kiwango cha juu cha kasi kinachokubalika katika viwanja vingi ni futi 300 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 320 kwa saa. Mtu aliyekwisha kuinua mkono kukubali kushindwa hastahili kuongezwa risasi tatu ambazo hata wewe hukukusudia. Na kama miwani yake imeteleza, kumbuka jicho halina spea.

Kipimo chake ni rahisi. Ishike bunduki tupu kwa ulegevu, kisha sogeza kidole polepole mno hadi pale inapoachia. Ikifyatua zaidi ya mara moja, rudisha skrubu, ongeza safari au weka springi ngumu zaidi. Rudia hadi itii.

Kazi yote hii ifanyike ukiwa umevaa kinga ya macho, mtutu umefunikwa. Kabla ya kufungua hata skrubu moja, toa mtungi na umalize upepo uliobaki ndani.

Anayedhani ushindi ni wingi wa risasi aukumbuke mchezo wa kwanza kabisa, uliochezwa mwaka wa 1981 huko New Hampshire, Marekani. Wachezaji walikuwa 12. Mshindi, Ritchie White, alikusanya bendera zote bila kufyatua hata mara moja.

Kwa msomaji wa hapa nyumbani, bunduki unayokodishiwa uwanjani si yako, kwa hivyo usiiguse kwa bisibisi. Na kabla ya kuagiza yako kutoka ng'ambo, waulize polisi kwanza. Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na kitu chenye mtutu hakikosi maswali forodhani.

Lakini maarifa hayahitaji kibali. Vali yenye njia tatu, silinda na kidhibiti presha ndivyo vinavyosukuma chupa na kufunga pakiti katika viwanda vingi. Kijana anayeweza kueleza kwa nini pistoni ndogo imekataa kurudi ameshaanza kuelewa mashine ambayo siku moja huenda akalipwa kuitengeneza.