Gavana, tiketi ya dola moja na karo ya chuo

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Leo Sungura na Fisi wapumzike. Nataka kuwapeleka Georgia, jimbo la kusini mwa Marekani, niwasimulie jinsi bahati nasibu ilivyogeuka kuwa karo ya chuo kikuu, na nani hasa aliyeilipa.

Kaskazini mwa jimbo hilo, milimani, kuna mji mdogo uitwao Young Harris. Huko ndiko alikozaliwa Zell Miller mwaka 1932. Baba yake alifariki yeye akiwa kichanga, hata mwezi hajatimiza. Mama yake hakukaa akajiinamia. Alishuka kijitoni, akaokota mawe, akayabeba, na kwa mawe hayo nyumba ya familia ikasimama. Mtoto yule akasoma, akafundisha chuoni, akaingia kwenye siasa, na mwaka 1991 akaapishwa kuwa gavana.

Gavana huyu alikuwa na jambo moja aliloling'ang'ania: jimbo lianzishe bahati nasibu, na faida yake iende kwenye elimu. Makanisa mengi yakampinga, hasa Wabaptisti. Kwao kamari ni kamari hata ikivalishwa joho la mahafali. Novemba 1992 wananchi wakapiga kura, na waliokubali wakashinda kwa tofauti ndogo. Mwaka 1993 tiketi zikaingia madukani na kwenye vituo vya mafuta, na mwaka huohuo ukazaliwa ufadhili wa masomo ulioitwa HOPE.

Msiuchanganye na mkopo wanaouomba kaka na dada zenu hapa Tanzania, ule unaokatwa kwenye mshahara mtu akishapata kazi. HOPE haurudishwi. Mwanzoni ulikuwa wa familia zenye kipato kisichozidi dola 66,000 kwa mwaka, lakini ilipofika 1995 kikomo hicho kilikuwa kimeondolewa kabisa. Mtoto wa daktari na mtoto wa mfagizi wakawa sawa mbele ya sharti moja: wastani wa 3.0 sekondari. Kwao A ina pointi 4 na B ina pointi 3, kwa hiyo 3.0 ni B tupu. Ukiingia chuoni, wastani huo unakaguliwa tena ukishamaliza krediti 30, kisha 60, kisha 90. Ukikutwa na 2.9, ufadhili unakukimbia.

Je, vijana waliongezeka vyuoni? Ndiyo, ila sikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo wakubwa wengi hudanganyika. Wachumi wawili wa Chuo Kikuu cha Georgia, Christopher Cornwell na David Mustard, walichunguza pamoja na wenzao wakailinganisha Georgia na majimbo mengine ya kusini. Wakakuta wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliongezeka kwa karibu asilimia 6 kwa sababu ya HOPE. Lakini sehemu kubwa ya ongezeko hilo kwenye vyuo vya miaka minne haikuwa vijana ambao vinginevyo wangekaa nyumbani. Walikuwa vijana ambao wangesoma chuo vyovyote iwavyo, tena wenye alama nzuri, ila wangekwenda jimbo jingine. HOPE iliwabakiza nyumbani. Chuo Kikuu cha Georgia, kilichoko mji wa Athens, kikawa kigumu kuingia kuliko zamani.

Wachumi haohao waligundua mambo mengine mawili yaliyonichekesha. Kwanza, wanafunzi walianza kuogopa masomo magumu. Walipunguza mzigo wa masomo, wakajitoa katikati ya muhula walipoona alama zinayumba, wakasogeza mengine hadi likizo ya kiangazi, wastani usije ukashuka. Pili, katika wilaya zilizokuwa na wafadhiliwa wengi, magari mapya yalisajiliwa kwa wingi zaidi. Mzazi aliyekuwa amejiandaa kulipa karo alijikuta ana fedha mkononi, akamnunulia mwanawe gari! Simlaumu, na mimi pengine ningenunua. Ila tujiulize kama fedha ya umma ilikuwa na haja ya kufika pale.

Maana fedha ile ina mwenyewe. Tuseme mama anayefanya kazi ya usafi hotelini anaingia kituo cha mafuta jioni. Analipia petroli, chenji inabaki, ananunua tiketi ya dola 1. Anaiweka juu ya kaunta, anakwangua kwa sarafu ule unga wa kijivu, anapuliza. Hakuna kitu. Anaitupa kwenye ndoo na kwenda zake. Sehemu ya dola ile inakwenda kwenye zawadi za washindi, sehemu kwa muuzaji, na sehemu inaingia kwenye elimu. Sasa, watu wa kipato kidogo ndio wanaotoa sehemu kubwa zaidi ya kipato chao kwa tiketi, na watoto wao ndio wanaopata shida zaidi kuifikia 3.0, kwa sababu wengi wanasoma shule dhaifu au wanafanya kazi baada ya masomo. Mama yule anamlipia karo mtoto wa daktari.

Tena hata chungu cha bahati nasibu kina kitako. Karo zilipanda haraka kuliko mauzo ya tiketi, na mwaka 2011 jimbo likapunguza malipo. HOPE ikaacha kulipa karo yote, na malipo kamili yakabaki kwa wenye wastani wa 3.7 sekondari na alama 1200 za SAT, mtihani wa kuingilia chuo. Ufadhili huo wa juu ulipewa jina la Zell Miller mwenyewe. Wenye HOPE ya kawaida walisubiri mpaka mwaka 2023 ndipo wakaanza tena kulipiwa karo nzima.

Idadi ya wanafunzi nayo hupanda na kushuka kwa sababu ambazo ufadhili hauzitawali. Ajira zilipopotea baada ya 2008, watu wazima walirudi darasani. Baada ya korona, vyuo vya umma vya jimbo vilipoteza wanafunzi mwaka 2021 na 2022. Kisha wakarudi kwa kasi, na majira ya vuli ya 2024 vyuo hivyo 26 vikawa na wanafunzi zaidi ya 364,000, idadi ambayo havikuwahi kuifikia kabla.

Na wenzetu wapo humo. Clarkston, mji mdogo ulio jirani na Atlanta, umepokea wakimbizi kwa miaka mingi, wakiwemo Wakongo, na Kiswahili kinasikika mitaani. Mtoto wa mkimbizi aliyepokelewa kisheria, akishatimiza muda wa ukazi na kuipata 3.0, anaweza kupata HOPE kama Mmarekani. Asiye na vibali hapati, na kwenye vyuo vya umma hutozwa karo ya mgeni.

Mwaka 2022 Georgia ilipitisha sheria ya kuwasaidia wanafunzi waliokaribia kumaliza shahada lakini wamekwama kwa deni la karo. Hapo kinachoangaliwa ni upungufu wa fedha, na mwanzoni msaada ulifika hadi dola 2,500. Ni hatua nzuri, ila imewekwa mlango wa kutokea. Mtoto wa mama yule wa hotelini alihitaji msaada huo siku ya kuingia.