Je, Wajua? Ngazi ya Kupanda na Ngazi ya Kushuka

Kidato, kabla ya kuwa darasa la sekondari, ni kile kipande cha ngazi unachokikanyaga. Daraja nalo ni ndugu yake: kwa Kiarabu neno hilo ni kidato cha ngazi, ndiyo maana mtumishi hupandishwa daraja. Kiswahili kinapenda ngazi ya kupanda. Ukanda wa dhahabu, kutoka Geita hadi Kahama, umezoea zaidi ile ya kushuka.

Kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, kuta huzuiwa kwa magogo yaliyokingamishwa, yanayoitwa matimba. Gogo linalozuia udongo usiporomoke ndilo hilohilo la kukanyagia wakati wa kushuka. Nguzo na kidato ni kitu kimoja, kwa hiyo kimoja kikioza vyote viwili vimekwenda.

Migodi mikubwa ina vidato vya aina nyingine. Ukisimama ukingoni mwa shimo la wazi kama Nyankanga kule Geita, unaona ngazi ya jitu: kila kidato kina kimo cha mita kadhaa, na kazi yake mojawapo ni kudaka mawe yanayoporomoka kutoka juu. Bulyanhulu ni mgodi wa chini ya ardhi, na shimo lake la wima linazidi kilomita moja. Kwa vidato vya sentimita 17, kilomita hiyo moja tu ingedai vidato karibu 5,900. Waswisi wanavyo vingi zaidi: kando ya reli ya mlima Niesen kuna 11,674, njia ya mafundi wa reli.

Na je, wajua kwamba ngazi ya mbao iliyo miongoni mwa kongwe kabisa zilizopatikana Ulaya nayo ni ya mgodini? Iligunduliwa mwaka 2003 ndani ya mgodi wa chumvi wa Hallstatt, Austria. Miti yake ilikatwa yapata mwaka 1344 KK, na chumvi ikaizuia isioze. Ajabu yake ni ufundi: vidato viliweza kugeuzwa kufuata mwinamo, hivyo ngazi ileile ilifaa penye mteremko mkali na penye mteremko mdogo.

Tupande sasa. Anayejenga ghorofa Kahama au Shinyanga mara nyingi huanza na vyumba, ngazi akaipa nafasi iliyobaki. Hesabu haimsamehe. Toka sakafu hadi sakafu tuseme ni mita 3.15. Ukigawa kwa sentimita 17.5 unapata vimo 18, yaani sehemu za kukanyagia 17 kabla ya sakafu ya juu. Kila moja ikiwa na sentimita 28, ngazi iliyonyooka inakula mita 4.76 za nyumba. Ndiyo maana wengi huikunja katikati kwa kijukwaa. Kanuni ya vipimo hivyo ni ya mwaka 1675: Mfaransa François Blondel alisema kimo cha kidato mara mbili, ukijumlisha na upana wa kukanyagia, kilingane na hatua moja ya mtu. Leo mafundi hulenga sentimita 60 hadi 65. Yetu hapo juu ni 63.

Ngazi ya nje ina adui wake. Udongo mweusi wa mbuga, ambao Shinyanga inao tele, huvimba masika na kupasuka kiangazi. Ngazi iliyowekewa msingi wake mwepesi, mbali na msingi wa nyumba, huachana na nyumba taratibu, na ufa wa kwanza huonekana pale pale kwenye kizingiti.

Kwa ngazi ya mbao, mninga hauna mpinzani wa karibu, kwa maoni yangu. Ukikauka vizuri haunywei wala hautanuki sana, kwa hiyo kidato hakilii usiku. Kiini chake mchwa hawakipendi. Ile sehemu nyeupe ya pembeni, wadudu wanaipenda mno. Lakini mninga unatoka wapi? Enzi za ukoloni misitu ya Shinyanga ilifyekwa ili kumwondoa mbung'o, kisha mashamba ya pamba na kuni vikapunguza iliyobaki. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliofufua ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga eneo la malisho lipumzike. Malaki ya hekta yakarudi kijani. Mti wa kupasua mbao, hata hivyo, hudai miongo mingi.

Wengi basi humwaga zege, na hapo ndipo kosa dogo huzaliwa. Fundi anagawa vidato sawasawa kabisa. Miezi inapita, anakuja mwingine kusawazisha sakafu ya chini na kubandika marumaru. Sakafu imepanda sentimita 4, ngazi bado haijaguswa. Kidato cha kwanza kimekuwa kifupi. Vidato vikibandikwa marumaru yake, tofauti inapungua tu. Kanuni za ujenzi za Marekani haziruhusu vidato vya ngazi moja vitofautiane kwa zaidi ya milimita 9.5, kwani mguu hupima vidato vya mwanzo kisha unaacha kutazama. Dawa ni kumuuliza mwenye nyumba unene wa marumaru ya kila sakafu kabla mbao za kumwagia zege hazijapigwa misumari.

Mwaka 2012 mtengeneza filamu Dean Peterson alitega kamera kwenye ngazi ya stesheni ya treni ya 36th Street, Brooklyn, ambako kidato kimoja kilizidi wenzake kidogo. Abiria mmoja baada ya mwingine walijikwaa palepale, akiwemo mwanamume aliyebeba mtoto. Video ilipoenea, ngazi ilifungwa ikatengenezwa.