Kipanuzi cha Wi-Fi hakifai chumba kisicho na mawimbi

WAKAZI wengi wa nyumba za mawe hulalamika kwamba intaneti ina kasi sebuleni ilhali katika chumba cha mwisho haipatikani kabisa. Baadhi yao hununua kipanuzi cha mawimbi, wakakichomeka chumbani humo humo, kisha hudai wametapeliwa na muuzaji.

Kipanuzi hakizalishi intaneti. Kazi yake ni kupokea mawimbi ya ruta na kuyarusha mbele. Kikiwekwa pasipo na mawimbi, hakina cha kurusha. Mahali pake ni katikati ya ruta na chumba hicho, ambapo mawimbi yangali na nguvu.

Aidha, kipanuzi kinachotumia masafa yale yale kupokea na kurusha hupunguza kasi hadi takriban nusu, kwa kuwa hakiwezi kufanya yote mawili kwa wakati mmoja. Masafa ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vyema kuliko ya gigahezi 5, ingawa kasi yake ni ndogo.

Hivyo basi, kabla ya kutoa fedha, iondoe ruta nyuma ya televisheni, uiweke mahali pa juu karibu na katikati ya nyumba. Huenda usihitaji kununua chochote.