Tija ya Kamba: Tugawanye kwa Kitu Gani?

Wachuma chai wa Mogogosiek, Bomet, hawavui kamba. Hata mvua inayonyesha huko haiwafikii kamba wa baharini. Hushuka kwa mto Sondu Miriu hadi Ziwa Viktoria. Ila ubishi wa tija wanaujua vizuri. Mei 2023, katika kaunti jirani ya Kericho, mashine za kuchuma chai zilichomwa moto. Kwamba mashine huchuma kilo nyingi kuliko mikono si siri. Ubishi ni kilo hizo zigawanywe kwa kitu gani.

Pwani ubishi huo ni wa miongo kadhaa, kwenye Ghuba ya Ungwana kati ya Malindi na Kipini. Mito ya Tana na Sabaki humwaga hapo matope yenye rutuba. Kamba jike hutaga mayai baharini; vitoto husukumwa na maji hadi kwenye mikoko, hukua humo miezi michache, kisha hurudi baharini. Mto ukifurika, wengi hutoka pamoja, na mwenye mtumbwi hupata siku zake nzuri.

Ukigawanya mavuno kwa idadi ya mabaharia, trola, meli inayokokota wavu, humwacha mbali mvuvi mdogo. Gawanya kwa lita za mafuta, hesabu inageuka: kukokota nyavu kutafuta kamba ni miongoni mwa uvuvi unaokunywa mafuta mengi zaidi duniani kwa kila tani, ilhali mtumbwi wa tanga haunywi hata tone. Kisha kuna samaki wanaokufa bure. Wavu wa trola hukomba sakafu ya bahari, na samaki wanaonaswa huwazidi kamba kwa uzito, wengi hutupwa. Malalamiko yalizidi, serikali ikasimamisha trola 2006. Mpango wa usimamizi ulitoka 2010, na mwaka uliofuata meli zikarudi kwa masharti ya umbali na misimu.

Mvuvi mdogo naye simpambi. Wavu wa macho madogo ukitegwa kwenye mlango wa mkoko huwanasa kamba kabla hawajazaa. Na kipimo cha kilo kwa mvuvi kwa siku kina hila: kamba hupenda kukusanyika, wavuvi huwafuata walipo, kwa hiyo kilo za siku zaweza kusimama palepale huku kamba baharini wakipungua.

Kwa maoni yangu, tija iliyo karibu zaidi imo kwenye barafu. Kamba akifa, vimeng'enya vya kichwani huanza kulainisha nyama, na ganda huota madoa meusi. Kwenye joto la Kipini hayo ni mambo ya saa chache. Mnunuzi akiyaona madoa hushusha bei. Kilo ileile ikipozwa ndani ya mtumbwi huuzwa kwa bei kamili, bila wavu hata mmoja kuongezwa.