Kilemba cha Mwalimu: Shukrani Isiyohitaji Mfuko Mzito

Katika ada za Waswahili wa pwani, mwanagenzi aliyekwisha kuiva mikononi mwa fundi wake hakuondoka hivi hivi. Alitoa kilemba. Kwa asili neno hilo ni kitambaa kinachozungushwa kichwani, lakini maana yake ilipanuka hata likawa jina la zawadi anayopewa fundi, kungwi au mwalimu kazi yake inapokamilika. Lugha hiyo hiyo inatupa pia kilemba cha ukoka, yaani sifa tupu anazovishwa mtu ili ajione mkubwa. Baina ya vilemba hivi viwili ndipo lilipo suala la makala haya: mzazi au mwanafunzi asiye na kitu atamshukuruje mwalimu pasi na kujifilisi, na pasi na kumvika ukoka?

Ada hii ya pwani inafaa kutazamwa kutoka bara, hususan mahali kama Nunguni, mji wa soko katika milima ya Kilungu, Kaunti ya Makueni. Wenyeji wa huko ni Wakamba, na aghalabu wazazi ni wakulima wa vishamba vilivyokatwa matuta kwenye miteremko mikali. Pato lao hufuata mvua. Mzazi wa namna hii anapoombwa mchango wa zawadi za walimu siku ya maombi ya watahiniwa, hachangi kwa kupenda tu. Anachanga kwa kuhofia kwamba jina la mwanawe litaonekana halina kitu mbele yake. Shukrani inapoandikwa kwenye orodha huwa imekwisha kugeuka kuwa kodi. Kwa bahati mbaya, jina la kistaarabu limepatikana la kuisitiri: motisha.

Wakati wa kutoa nao una maana. Kilemba kilitolewa baada ya kuhitimu, si kabla. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 nchini Kenya ilielekea upande uo huo ilipomkataza afisa wa umma kupokea zawadi kutoka kwa mtu ambaye maslahi yake yangeweza kuathiriwa na kazi ya afisa huyo. Mwalimu ambaye hajasahihisha mtihani wa mtoto yumo hasa katika hali hiyo. Zawadi ile ile, hata ikiwa ni kuku mmoja, ikitolewa wiki moja baada ya ripoti kutoka inakuwa shukrani. Ikitangulia, hata mtoaji mwenyewe hawezi kuapa kuwa haikuwa chambo.

Katika zawadi zote za bei nafuu, hakuna iishindayo barua. Mwaka 1957, Albert Camus alipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, alimwandikia Louis Germain, mwalimu wake wa shule ya msingi mjini Algiers, akamweleza kuwa baada ya mama yake, yeye ndiye aliyemjia akilini. Gharama yake ilikuwa karatasi na stempu. Hata hivyo, si kila barua ni kilemba. Wanafunzi wetu wamezoea kumwandikia mwalimu mashairi yanayomlinganisha na taa, na mshumaa unaoteketea ili wengine waone. Beti kama hizo zinaweza kusomwa kwa mwalimu yeyote, katika shule yoyote, wala asijue alilolifanya. Huo ndio ukoka wenyewe. Barua ya maana hutaja jambo: siku mwalimu aliporudia kugawanya kwa desimali mara ya tatu bila ya kukasirika, kitabu alichokiazimisha, neno alilomwambia mzazi langoni, likamzuia mtoto asiache shule. Mzazi asiyejua kuandika anaweza kumtamkia mwanawe kwa Kikamba, mtoto akaandika, na neno la kwanza likabaki vile vile lilivyotoka kinywani: *ni muvea*, asante.

Zipo pia shukrani za mikono. Ukambani ni nchi ya kiondo, na kiondo kidogo cha kutilia vitabu, kilichosukwa kwa mkonge na nyanya ya mwanafunzi, kina thamani isiyopatikana dukani. Wakamba wana pia mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi, ambacho ndicho kilichochimba sehemu kubwa ya matuta ya vilima vya Ukambani katika karne ya 20. Wazazi wakikubaliana kumtengenezea mwalimu tuta lililobomoka, au kumrekebishia paa, watakuwa wametoa wanachokijua zaidi. Lakini pana mpaka hapa usiopaswa kuvukwa: jembe lishikwe na watu wazima. Mwanafunzi anayepelekwa shambani kwa mwalimu saa za masomo hatoi shukrani, ananyang'anywa somo.

Mwalimu mgeni ana mahitaji yake. Sera ya kuwapeleka walimu mbali na kwao, iliyotiliwa mkazo na Tume ya Kuwaajiri Walimu kuanzia mwaka 2018, iliwafikisha wengi mahali wasipoijua lugha ya sokoni. Kumfundisha mtu kama huyo maamkizi ya Kikamba, kumwonyesha anayeuza maparachichi kwa bei ya haki, na kumwalika muthokoi Jumapili ni ukarimu usiomgharimu mwenyeji kitu, ilhali kwa mgeni ndio unaoamua kama ataomba uhamisho au atakaa.

Anayesahauliwa zaidi ni mwalimu wa chini. Siku ya Walimu Duniani, inayoadhimishwa tarehe 5 Oktoba tangu mwaka 1994, huangukia majuma machache kabla ya mtihani wa kidato cha nne, na macho yote huwa kwa walimu wa watahiniwa. Matokeo yakitoka, hao ndio wanaobebwa juu juu. Aliyemshika mtoto mkono katika chekechea akamwonyesha umbo la herufi *a* yuko umbali wa miaka kumi na zaidi, na pengine amekwisha kustaafu, lakini nyumba yake inajulikana. Kijana aliyemaliza kidato cha nne ana miezi mitupu mbele yake, na kutembea hadi huko, akabisha hodi na kumsomea ukurasa mmoja wa kitabu chochote, kutamchukua asubuhi moja.